Udongo unaojigeuza wenyewe Shinyanga, na asidi inayojificha kwenye marudio

Ukipita njia ya Shinyanga kwenda Kahama mwezi Septemba, angalia mashamba ya bondeni. Udongo mweusi umepasuka, nyufa nyingine mguu unazama kabisa. Hiyo ndiyo mbuga. Mvua za Novemba zikishika, nyufa zinajifunga, udongo unavimba na unanata hadi viatu vinabaki nyuma.

Kumbe humo ndani kuna kazi kubwa inaendelea. Wakati wa kiangazi, vumbi, majani na samadi vinadondokea kwenye nyufa. Mvua ikija, udongo wa chini unavimba, unakosa nafasi, unasukumwa juu. Mwaka baada ya mwaka, wa chini unapanda na wa juu unashuka. Ndiyo maana nyumba iliyojengwa kwenye mbuga bila msingi imara haikosi ufa ukutani, hata fundi angekuwa mzuri vipi.

Ardhi inajigeuza hivi pia kule Aktiki, kwenye tundra za Alaska, Kanada na Siberia, ila kule kazi inafanywa na baridi. Maji yakiganda yanaongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9, hivyo udongo unainuliwa na kukorogwa. (Kwetu mambo hayo yapo juu ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, ambako maji ya udongoni huganda usiku kama sindano na kuinua vikokoto.) Pale tundra inapotulia, mabaki ya mimea yanarundikana bila kuoza vizuri na asidi inapanda. Pale barafu inapoukoroga udongo, madini yenye chokaa yanaletwa juu, asidi inashuka.

Mbuga ya Shinyanga nayo ni hivyo hivyo. Chimba kidogo, mara nyingi utakuta vipande vyeupe vya chokaa.

Sasa panda mlimani kidogo. Wasukuma wana majina ya udongo kwa kufuata mteremko: juu kuna luseni, ule wa kichanga uliotokana na mawe ya matale, katikati itogolo, mgumu kama sakafu, chini mbuga. Mwaka 1935 mtaalamu Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, aliupa mpangilio wa namna hii jina la "katena", yaani mnyororo kwa Kilatini. Leo neno hilo linafundishwa dunia nzima. Wakulima walikuwa wanajua siku nyingi.

Luseni haijigeuzi. Mvua inaosha kalsiamu na kuipeleka chini, asidi inabaki. Ukiweka mbolea ya SA kila msimu, unaiongeza. Asidi inapimwa kwa pH: 7 ni katikati, na kushuka namba moja ni asidi kuongezeka mara 10. Ikishuka chini ya 5.5, alumini inaanza kuyeyuka na kudumaza mizizi, na fosforasi uliyonunua kwenye DAP inashikwa na udongo, mmea hauipati.

Kwa hiyo usiige tu jirani. Shamba la juu linaweza kuhitaji chokaa ya kilimo, la bondeni hatua mia chache tu halihitaji, ukiiweka umetupa hela. Pima kwanza. Kanda ya Ziwa kuna TARI Ukiriguru, Mwanza. Chukua udongo sehemu kadhaa za shamba, changanya, ila usichanganye wa luseni na wa mbuga.

Geita anayekoroga ardhi ni binadamu. Mwamba wenye dhahabu mara nyingi una paireti, yale mawe yanayong'aa njano ambayo yameshadanganya wengi. Chini ya ardhi haina shida. Ikishapita kwenye karasha na kuachwa juani na mvuani kama marudio, inatengeneza asidi ya salfa. Maji yanayotiririka hapo yanaweza kubeba arseniki na metali nyingine hadi mtoni, na mara nyingi yanaacha rangi ya kutu kwenye mawe. Ukiiona, ng'ombe wasinywe hapo.

Kwenye plant za kuchenjulia marudio, chokaa ni suala la uhai. Sayanaidi inatakiwa ikae kwenye pH ya 10 au zaidi. Ikishuka, inatoka kama gesi yenye sumu kali, na wapo watu wasioweza kabisa kuinusa. Anayebana matumizi ya chokaa hapo anacheza na pumzi ya vijana waliosimama kwenye tenki.