Ng'ombe wa Kukabidhiwa na Klienti ya HTTP

Huku Ugogo, mwenye mifugo mingi hakuiweka yote katika zizi moja. Baadhi aliwakabidhi ndugu na marafiki wa vijiji vingine, ukame au maradhi yasije yakamfilisi kwa mara moja. Mlishaji alikamua na kunywa maziwa. Ng'ombe na ndama wakabaki mali ya mwenyewe. Hapa Mlali, wilayani Kongwa, desturi hiyo hunijia kila ninapokutana na swali la waandishi wa programu: sehemu ya msimbo inayotuma maombi ya wavuti ijiundie klienti yake ya HTTP, au ikabidhiwe?

Ulimwengu wa Java ulijibu mapema: ikabidhiwe. Januari 2004 mwandishi wa masuala ya programu Martin Fowler aliipa mbinu hiyo jina inalotumia hadi leo, na Machi mwaka huohuo ikatoka Spring 1.0, mfumo wa kujengea programu za Java. Kontena yake huunda vitu na kuvigawa kupitia konstrakta. DHIS2, mfumo unaopokea takwimu za vituo vya afya vya Tanzania, umejengwa juu ya Spring.

Wenzao wa .NET walifika hapohapo kwa njia ya maumivu. Ukiunda HttpClient mpya kwa kila ombi na kuitupa, soketi hubaki zimeshikiliwa kwa muda hata baada ya muunganisho kufungwa. Maombi yakiwa mengi, zinakwisha. Ukiweka moja ya kudumu, nayo yaweza kung'ang'ania anwani ya zamani wakati DNS imeshabadilika. Ndiyo maana .NET Core 2.1 ya mwaka 2018 ilileta IHttpClientFactory. Klienti unayopewa ni nyepesi, ila kishughulikiaji kilicho ndani yake hutumiwa kwa zamu na hubadilishwa, kwa kawaida kila baada ya dakika 2. Mlishaji anakamua, mwenye mali ndiye anayeamua ng'ombe ahame lini.

Lugha ya Go haina kontena katika maktaba yake ya msingi. Klienti huundwa ndani ya main, kisha hupitishwa kwa mkono hadi inakohitajika. Spring humpunguzia mwandishi kazi lakini humfichia chanzo cha kitu. Go humwongezea mistari lakini kila makabidhiano yanaonekana. Mimi, kwa programu ndogo, naipenda njia ya Go, kwa tahadhari moja: klienti yake ya kawaida haina kikomo cha kusubiri, na seva ikinyamaza, ombi hukaa tu.

Wote watatu wanakubaliana kwamba anayekabidhiwa anaweza kukabidhiwa klienti bandia, majaribio yakaendeshwa bila mtandao kabisa. Wanachotofautiana ni nani anayeshika umri wa klienti: kontena, kiwanda, au mwandishi mwenyewe. Hapo mfano wa ng'ombe unafika mwisho, kwa sababu mlishaji wa Kigogo aliweza kumwendea mwenye mali na kumweleza kuwa mnyama anakonda. Msimbo hausemi.

Basi ukiandika programu ya kupeleka takwimu kutoka vijijini huku, usiunde klienti ndani ya kitanzi. Iunde mahali pamoja, iwekee kikomo cha sekunde za kusubiri, kisha uikabidhi.