Kusoma Picha Kama Tunavyosoma Herufi

Somo letu la leo ni juu ya historia ya sanaa, yaani elimu ya kuvielewa vitu vilivyochorwa, vilivyochongwa na vilivyosukwa.

Labda mzee mmoja atauliza: "Nimpeleke mwanangu chuo kikuu akatazame picha? Hiyo ni elimu gani?" Swali lake ni la haki, maana ada itatoka katika vitunguu alivyovilima kwa jasho lake. Basi tusikilize habari hii.

Mwaka 1937, huko Kampala, Bibi Margaret Trowell, Mwingereza, alianza kufundisha uchoraji barazani pa nyumba yake. Darasa lile la barazani lilikua, likawa shule ya sanaa ya Makerere. Bibi huyu hakutaka wanafunzi waige picha za Ulaya. Alitaka wachore maisha waliyoyajua.

Mwanafunzi wake mmoja alikuwa Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro. Alisoma Makerere, kisha akaenda London katika shule ya sanaa ya Slade, akarudi Makerere kufundisha. Alichora mashamba, mavuno na shughuli za watu wa kwao. Picha yake ya mwaka 1956, ya watu wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, imo katika jumba la makumbusho huko New York. Na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Bwana Ntiro akawa balozi wetu London. Mnaona? Elimu ya picha haikumpoteza.

Je, mwanafunzi wa elimu hii hufanya nini? Huuliza maswali. Tazameni kikapu cha milulu cha Iringa. Kimesukwa na nani? Fundi huyo alifundishwa na nani? Rangi yake imetoka wapi? Kilisukwa kwa kazi gani?

Asipokuwapo wa kuuliza, habari hupotea. Pale Igeleke, karibu na mji wa Iringa, jiwe lina picha nyekundu za kale, za watu na wanyama. Waliozichora hawakuacha majina, na sasa hatuna wa kumwuliza. Vikapu vya mama zetu navyo huuzwa, vikaenda mbali, lakini jina la aliyekisuka haliendi pamoja na kikapu.

Ninyi sasa mmekwisha kujua kuandika. Basi kabla ya somo lijalo, kila mmoja achague kitu kimoja cha nyumbani kilichotengenezwa kwa mkono. Amwulize aliyekitengeneza, au mzee anayemkumbuka fundi huyo. Kisha aandike katika daftari jina la kitu, jina la fundi, mahali kilipotengenezwa na kazi yake. Mkifanya hivyo, mtakuwa mmeanza kazi ile ile inayofanywa chuo kikuu.

Kwaherini.