Kinu cha Port Blair

Likitajwa gereza la Port Blair, katika visiwa vya Andaman, jina linalotangulia ni Savarkar, mpigania uhuru wa India. Uwanja wa ndege umepewa jina lake, na seli yake ya ghorofa ya juu ndiyo wageni wanayoiulizia kwanza. Simpunguzii mateso: alifika 1911 akafungwa huko miaka 10. Lakini kumsimulia yeye peke yake ni kuwazika wenzake mara ya pili.

Mwanzo wa gereza unajulikana. Baada ya uasi wa Wahindi wa 1857, Waingereza walianza kupeleka wafungwa huko Machi 1858, na Wahindi wakaiita safari hiyo Kala Pani, maji meusi. Gereza lenyewe lilijengwa kati ya 1896 na 1906: mabawa 7 ya ghorofa 3 yaliyotoka kwenye mnara mmoja, na seli karibu 700, kila moja ya mtu mmoja. Mlango ulitazama mgongo wa bawa la jirani. Komeo lilichimbiwa ukutani, mkono wa mfungwa usilifikie.

Mimi moyo wangu umenasa kwenye kinu. Sisi watu wa pwani tunakijua kinu cha mafuta: ngamia kafungwa macho, anazunguka kutwa. Port Blair aliyezunguka ni binadamu, wengi wao vijana wasomi wa Bengal, na kila mmoja alidaiwa ratili 30 za mafuta ya nazi kwa siku. Mbata iwe kavu isiwe kavu, hesabu ni ile ile. Asiyeitimiza aliadhibiwa. Mfungwa Indu Bhushan Roy alijinyonga 1912.

Husimuliwa kwamba upweke wa seli zile uliwavunja, kila mtu akabaki na lake. Sikubali. Mei 1933 waligoma kula kwa pamoja. Wakalishwa kwa nguvu, maziwa kwa mpira, na watatu wakafa: Mahavir Singh, Mohan Kishore Namadas na Mohit Moitra. Wenzao hawakuogopa, 1937 waligoma tena, hata serikali ikawarudisha bara.

Kisha wakaja Wajapani, 1942 hadi 1945. Wakati wao na baada yao mabawa manne yakabomolewa, hospitali ikajengwa, wafungwa wa zamani wakapinga, na Februari 11, 1979 yaliyosalia yakatangazwa kumbukumbu ya taifa.

Sanamu za wale watatu zipo bustanini, mbele ya gereza. Ukishaiona seli ya juu, teremka ukawasalimie kwa majina.