Reli Iliyoushusha Mji

Moshi haikuwa hapa ilipo. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ukimwuliza mtu njia ya kwenda Moshi, angekuonyesha juu, kwenye migomba, kwa Mangi Rindi na baadaye kwa mwanawe Meli. Huko juu ndiko Wajerumani walikomnyonga Meli, tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wenzake. Mji tunaoujua leo, wa joto, vumbi na bodaboda, uliletwa na reli. Reli haikupanda mlima, basi mji ukashuka kuifuata. Kule juu kukabaki na jina la Old Moshi, kwa Kiingereza hivyo hivyo, na hakuna anayeshangaa.

(Na kabla hujauliza: hapana, jina la Moshi halikutokana na gari moshi. Jina lilitangulia.)

Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893. Kampuni iliyouanza ikaishiwa fedha, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua njia yenyewe. Ilifika Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Miaka 18 kwa kilomita zipatazo 350! Waingereza, majirani, walianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901, zaidi ya kilomita 900. Waliobeba mataruma mabegani katika mbio hizo ni Waafrika na Wahindi, na majina yao ni vigumu kuyapata. Majina ya magavana yapo tele.

Kisha vita vikaja. Jeshi la Waingereza lilitandaza reli kutoka Voi kupitia Taveta, na mwaka 1916 ikaungana na ya Wajerumani pale Kahe, kusini-mashariki mwa Moshi. Ilikuwa reli ya kubebea askari na risasi, lakini vita vilipokwisha ikaendelea kutumika. Mwishoni mwa miaka ya 1920 njia ikasogezwa hadi Arusha. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, waliounda chama chao mwaka 1925 na kupata KNCU mwaka 1933, wakawa na milango miwili ya baharini: Tanga na Mombasa.

Hapa ndipo ninapopenda kusimama kidogo. Kwa miongo mingi mtu wa Moshi aliweza kupanda treni akashukia Mombasa, hata Nairobi, lakini Dar es Salaam, makao makuu ya nchi yake, hakufika kwa reli. Njia ya Tanga na Reli ya Kati hazikuwa zimeungana. Kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kilifunguliwa mwaka 1963, baada ya Uhuru. Ramani ilimwambia yeye ni wa Tanganyika, tiketi ikamwambia vingine. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, mpaka ukafungwa, na mlango wa Mombasa ukajifunga nao.

Miaka ya 1990 treni ya abiria ikakoma. Mabasi yakashinda. Wanaojua Desemba ya Wachaga, ule msimu wa "kwenda kuhesabiwa", wanajua pia bei ya nauli hupanda kiasi gani. Basi Desemba 2019 treni ya abiria iliporudi kutoka Dar es Salaam hadi Moshi, haikuwa habari ya wapenda historia tu. Ilikuwa habari ya mwenye mfuko mwembamba na mizigo mingi. Mwaka uliofuata ikafika Arusha.

Kurudi kwa treni hakulindi stesheni ndogo za njiani. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Reli nzima ni changa kuliko hapo; kila jengo linahitaji tamko la waziri. Marekani waliifuta barabara yao kuu namba 66 mwaka 1985, kisha mwaka 1999 wakatunga sheria ya kuihifadhi, na leo watu husafiri kutoka mbali kuiona lami kuukuu na moteli zake. Yao haina hata miaka mia kamili tangu ilipoanzishwa mwaka 1926 hadi sheria hiyo ilipopita.

Rafiki yangu mmoja aliniuliza kwa ukali kwa nini tuwatunzie vyuma watu waliomnyonga Meli. Swali lake ni zito. Lakini ukoo wa Meli umetafuta fuvu lake Ujerumani kwa miaka mingi kwa sababu ni ushahidi, na sioni kwa nini ushahidi uliolala Kahe tuuache uliwe na kutu. Zaidi ya hayo, vyuma hivyo vilikwisha kuwa vyetu: vilibeba kahawa yetu, na karo za shule zilizotokana nayo.

Mimi ningeanzia Kahe, kwa kibao kimoja tu: hapa njia ziligawanyika, kushoto Taveta na Mombasa, kulia Tanga, na Dar es Salaam, hadi 1963, hapakuwa na njia.