Sprogø, Kisiwa cha Waliokatazwa Kupenda

Magari yanayovuka mlango wa bahari wa Storebælt, nchini Denmark, hupita Sprogø kwa muda mfupi tu. Kisiwa chenyewe ni kidogo: kilima, mnara wa taa uliojengwa mwaka 1868, nyumba chache, na upepo. Kabla ya daraja kufunguliwa kwa magari mwaka 1998, hukufika hapo ila kwa chombo cha majini. Daktari Christian Keller alikipendea hilo hilo.

Keller aliongoza taasisi kubwa ya watu wenye ulemavu wa akili huko Brejning. Mwaka 1911 aliwatenga baadhi ya wanaume wa taasisi hiyo katika kisiwa cha Livø. Mwaka 1923 ikawa zamu ya wanawake, nao wakapewa Sprogø. Hadi kilipofungwa mwaka 1961, wanawake wapatao 500 walikuwa wamepitia hapo.

Walikuwa wamekosa nini? Wengi hawakuiba wala hawakumpiga mtu. Walikuwa na wapenzi. Binti wa kimaskini aliyezaa nje ya ndoa, au aliyesemwa mtaani kwamba anapenda wanaume mno, aliweza kupimwa akili, akaandikwa kuwa punguani na kusafirishwa. Tabia yake ndiyo iliyogeuzwa kuwa ugonjwa. Kwa vipimo vya leo, wengi wao wasingehesabiwa hata kuwa na ulemavu wa akili. Wala hakikutafutwa kisiwa cha kuwaweka wanaume waliowapa mimba.

Kisiwani walipika, walifua, walishona na kulima. Mfungwa wa kawaida huhesabu siku zake. Wao hawakuwa na siku ya kuhesabu, kwa sababu hawakuhukumiwa kifungo cha muda maalumu. Wakubwa wa taasisi ndio walioamua nani aondoke, na kwa wengi mlango wa kutokea ulikuwa kukubali kufungwa kizazi. Ridhaa inayotolewa na mtu aliyezungukwa na maji pande zote ni vigumu kuiita ridhaa.

Jambo linaloumiza zaidi ni kwamba haya hayakufanywa gizani. Denmark ilipitisha sheria ya kufunga watu kizazi mwaka 1929, kisha mwaka 1934 ikaongeza nyingine kali zaidi iliyowalenga watu wenye ulemavu wa akili. Kufikia mwaka 1967, watu takriban 11,000 walikuwa wamefungwa kizazi. Mmoja wa watetezi wakubwa wa fikra hizo alikuwa K. K. Steincke, mwanasiasa yule yule aliyesimamia mageuzi ya mwaka 1933 yaliyompa maskini haki ya kusaidiwa na serikali. Kwake na kwa wengi wa kizazi chake, ukarimu huo ulikuwa na masharti: taifa litawatunza wanyonge, ila wasizae wanyonge wengine. Wasomi na madaktari waliliona jambo hilo kuwa busara.

Mawazo yalianza kugeuka pale wazazi wa watu wenye ulemavu wa akili walipopaza sauti. Mwaka 1952 waliunda chama cha kuwatetea watoto wao. Ndani ya serikali walimpata N. E. Bank-Mikkelsen, mtu aliyewahi kufungwa na Wanazi na aliyezifahamu vizuri nyumba za kufungia watu. Sheria ya mwaka 1959, aliyoiandaa, ilitaka watu hao waishi maisha yanayokaribiana kadiri iwezekanavyo na ya kila mtu. Miaka miwili baadaye Sprogø na Livø vikafungwa. Na maisha ya kila mtu, wazazi wengine waligundua kwa hofu, yana uchumba ndani yake.

Haki hiyo ya kupenda baadaye iliandikwa hata katika sheria za kimataifa: Denmark na Tanzania ziliridhia mwaka mmoja, 2009, mkataba wa Umoja wa Mataifa unaotambua haki ya watu wenye ulemavu kuoa, kuolewa, na kutonyang'anywa uwezo wa kuzaa.

Septemba 2023, serikali ya Denmark iliwaomba radhi rasmi watu waliotendewa vibaya chini ya uangalizi wake kati ya mwaka 1933 na 1980. Binti aliyekuwa na miaka 20 Sprogø ilipofungwa, siku hiyo alikuwa na miaka 82, kama alikuwa bado hai.