Nguruwe wa pembeni milimani Uluguru: kwa nini mabanda yanabaki matupu

Mgeta, katika milima ya Uluguru mkoani Morogoro, mashamba ni madogo na yako kwenye miteremko mikali. Fedha hutoka kwenye kabichi, viazi na mboga nyingine. Nguruwe mmoja au wawili nyuma ya nyumba ni kazi ya pembeni tu. Wanakula majani ya kabichi, magimbi na pumba, samadi yao inarudi shambani, na shule zikifunguliwa mmoja anauzwa.

Kazi hiyo ya pembeni inaweza kukatika ghafla. Hapa tunaeleza sababu, na nini kinaweza kuinusuru.

Kwa nini watu walipenda nguruwe

Nguruwe jike hubeba mimba siku 114, yaani miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Mzao mmoja unaweza kuwa na watoto 8 hadi 12. Wakilishwa vizuri, wanafikia kuuzwa kabla ya mwaka kuisha. Soko la kitimoto lipo Morogoro mjini na Dar es Salaam. Ni mifugo michache inayorudisha fedha haraka hivyo.

Kinachomaliza mabanda

Bei ya pumba ikipanda, faida inapungua. Lakini pigo kubwa ni homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921. Unasababishwa na virusi, hauna tiba, na mfugaji wa hapa nchini hana chanjo ya kutegemea. Hauambukizi binadamu, lakini unaweza kuua karibu nguruwe wote bandani.

Mlipuko ulioanzia Kyela, mkoani Mbeya, mwishoni mwa mwaka 2010 ulifika Morogoro na Dar es Salaam mwaka 2011. Ulifuata barabara: nguruwe na nyama yake husafiri kwa gari.

Dalili ni homa kali, kukataa kula, nguruwe kulaliana, masikio na tumbo kuwa mekundu au ya zambarau, kisha vifo ndani ya siku chache.

Hofu inavyosambaza ugonjwa

Mfugaji akiona nguruwe wa kwanza amekufa, anawauza waliobaki kwa bei ya kutupa kabla karantini haijawekwa. Tunaielewa hofu hiyo: hiyo ndiyo akiba yake. Lakini wanaoonekana wazima huenda tayari wameambukizwa. Mnunuzi anapeleka virusi kijiji kingine, na mabaki ya nyama yanaishia kwenye ndoo ya makombo ya jirani. Aliyeokoa shilingi chache leo, kesho hapati hata mbegu ya kuanzia upya, kwa sababu kijiji kizima kimekwisha.

Cha kufanya

Nguruwe wakae bandani muda wote, wasizurure. Ngiri na kupe hubeba virusi hivi.

Makombo ya hotelini au nyumbani yachemshwe kwa nusu saa ndipo walishwe.

Mnunuzi na mchinjaji wasiingie bandani. Mlete nguruwe nje. Ukitoka kwa mfugaji mwingine, badili viatu au uvioshe kwa dawa.

Dume la kuazima kutoka banda hadi banda ni njia rahisi ya kuleta ugonjwa. Fahamu limetoka wapi.

Nguruwe mgeni akae peke yake siku 30.

Nguruwe akifa ghafla, usichinje wala usiuze. Mpigie afisa mifugo wa kata. Mzoga ufukiwe shimo refu au uchomwe.

Kuanza upya

Osha banda kwa sabuni, kisha kwa dawa ya kuua virusi. Liache tupu siku 40 au zaidi, halafu ingiza nguruwe mmoja au wawili kwanza. Wakiishi wiki sita bila kuugua, ongeza wengine.

Banda moja safi halitoshi. Kijiji kikikubaliana kwamba anayeona kifo anatangaza siku hiyohiyo, wachache watapoteza nguruwe wao, na wengi watabaki na kitu cha kuuza shule zikifunguliwa.