Askari na Chaza wa Chesapeake
Mwaka 1865 jimbo la Maryland, nchini Marekani, liliruhusu kwa leseni makokoro ya chuma katika Ghuba ya Chesapeake. Makokoro hayo yalikwangua chaza pamoja na magamba ambayo chaza wachanga hujishikiza. Mwaka 1868 likaundwa jeshi la polisi wa majini kupambana na wavuvi haramu. Katika miaka ya 1880 mavuno yalifikia busheli milioni 15 hivi kwa mwaka, kisha yakaporomoka. Magonjwa ya karne ya 20 yakazidisha msiba. Mwaka 1959 mvuvi aliuawa kwa risasi za doria mtoni Potomac, mpakani na Virginia. Askari walimwandama mwizi. Sheria haikumwekea mwenye leseni kikomo cha kutosha. Mali bila daftari hupotea bila habari.